Mpelelezi na Mkeka Wake

Ukitaka kuona wapelelezi wa hadithini wanavyobebwa, soma "Silver Blaze", hadithi fupi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892. Farasi anayepigiwa upatu katika Kombe la Wessex katoweka, mkufunzi wake kakutwa maiti nyikani. Kijana wa zamu alitiliwa kasumba kwenye mchuzi wa bizari wa nyama ya kondoo. Kondoo watatu wa malishoni wanachechemea, maana mkufunzi aliwafanyia mazoezi ya kujeruhi mguu wa farasi kwa kisu chembamba. Muuaji? Farasi, kwa teke moja. Hapo sina neno, alikuwa akijihami.

Neno langu ni kwa Bwana Sherlock Holmes. Anajua farasi yuko wapi, anamnyamazia mwenye mali. Jirani aliyemficha haguswi, tena anaachiwa amtunze! Siku ya mbio farasi anaingia uwanjani kapakwa rangi usoni, anashinda, na mwamuzi hata kukohoa hakohoi. Mwenye farasi akidai maelezo, mpelelezi wetu anamwambia asubiri kwanza: ana hela yake kwenye mbio zinazofuata.

Conan Doyle mwenyewe alikuja kukiri kwamba mambo ya mbio hakuyajua, na kwamba kwa sheria halisi nusu ya wahusika wangelala jela, waliobaki wangefukuzwa viwanjani daima. Ajabu, Holmes hakumtaja. Basi mkimkabidhi jalada jingine, mpekueni mifuko kwanza.