Hakuna Takataka Nyumba Hii

Ujumbe wa mwalimu uliingia Ijumaa jioni, saa ambayo mzazi ameshavua viatu. Kila mtoto wa chekechea aje Jumatano na mnyama aliyetengenezwa nyumbani kwa vifaa visivyohitajika tena. Nilicheka peke yangu. Nani alimwambia mwalimu kwamba kwetu kuna kitu kisichohitajika?

Nakaa Ngamiani, Tanga, na mama yangu, mke wangu na watoto wawili. Kaka mtu ana miaka 6 na kazi yake ni kukosoa. Mdogo wake ana miaka 4, amerithi jina la bibi yake, basi bibi humwita somo na yeye humwita bibi somo vilevile. Ukiita mmoja wanaitika wawili. Kazi ya mnyama ilikuwa yake. Yaani yangu.

Jumamosi asubuhi tukaanza msako. Kopo la siagi lina vitunguu saumu. Lile la bati la biskuti lina sindano, nyuzi na vifungo. Biskuti zenyewe ziliisha kabla sijaoa. Kopo la aiskrimu limo ndani ya friji, limejaa maharage yaliyochemshwa, na somo huenda kulifungua kila siku, akalia kila siku. Chupa tupu za maji ni mtaji wa mke wangu, anatilia sharubati ya ukwaju na kuuza. Dumu la mafuta la lita 5 lilikatwa shingo zamani, sasa ndiyo kata ya chooni. Magazeti ni ya kufungia visheti.

"Hata trei la mayai, mama?" nikauliza. Lilikuwa juu ya kabati, vishimo vyote 30 vitupu, limekaa kama limeumbwa kuwa magamba ya kobe.

"Hilo trei la watu. Ukienda kununua mayai bila trei utayabeba kwa kofia?"

Somo akabadili mawazo, akataka popo. Sasa, chini ya godoro la mama kuna mzigo wa mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, mama haitumii na wala haitupi. Ameikunja mmoja mmoja pembetatu kama sambusa, anaingoja serikali ibadilishe nia. Somo aliomba mmoja tu, wa mabawa.

"Unataka somo yako afungwe?"

Popo akafia hapo.

Nikafungua simu kutafuta maarifa. Video za kazi hizi nyingi zinaanza na kile kibomba cha karatasi kinachobaki roli la tishu ya chooni likiisha. Kipake rangi, sungura huyo. Kikate ncha, bundi huyo. Lakini sisi ni watu wa kata na maji. Roli la tishu nyumba hii ni la mgeni, na lililopo liliingia siku ya harusi ya mdogo wangu. Bado ni nene. Na somo alikuwa ameshaamua: twiga. Mnyama wa taifa, hakuna wa kubisha. Kaka mtu akaongeza chumvi kwenye kidonda kwa kutangaza kwamba shingo ya twiga ina mifupa 7 tu, sawasawa na ya binadamu. Nilitamani awe amekosea. Hakukosea. Kwa hiyo vibomba vilitakiwa saba.

Nikamwambia mke wangu nitanunua roli saba. Akanitazama kwa muda. "Ununue vipya ili upate vikuukuu?"

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa jirani, mwenye vibomba vya plastiki vinavyobaki uzi ukiisha. Alinihesabia saba mezani, halafu akaweka mkono juu yake. "Utavirudisha, sivyo?" Navyo vina kazi yake, anafungia vipande vya lastiki.

Mengine yalipatikana jikoni, maana siku hiyo tulikula mahindi ya kuchoma. Vigunzi vinne vikawa miguu. Boksi la sabuni ya unga likawa kiwiliwili, makumbi ya nazi mkia, na macho yakawa kunde mbili nyeupe zenye doa jeusi. Kwa kweli zilitazama vizuri kuliko macho ya kununua. Gundi tulipika wenyewe: unga wa ngano na maji, unakoroga motoni mpaka uwe uji mzito. Ngano ile ilikuwa ya chapati za Jumapili, jambo ambalo niliambiwa baadaye. Tukapaka karatasi za visheti tabaka juu ya tabaka. Kaka mtu alisema uji umepungua sukari.

Wakati tukisubiri ukauke nikafanya kosa la kutoa hotuba. Nikawasimulia jinsi mafundi wa Lamu, Ali Skanda na wenzake, walivyounda jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, wakalivika vipande vya ndala zilizookotwa ufukweni, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Nilitaka wajue kwamba mwenye nia anaweza kugeuza taka kuwa chombo. Somo alisikiliza kimya. Mtoto wa miaka 4 akinyamaza, mtu mzima mwenye akili huenda kutazama mkasi uko wapi. Mimi niliendelea na hotuba.

Ilipoadhiniwa adhuhuri nikaenda mlangoni kuvaa ndala. Ya kushoto haikuwa na kisigino. Kisigino kilikuwa juu ya meza, kimeshakuwa masikio mawili, na siwezi kusema uongo, yalifanana sana. Nikaenda hivyo hivyo, mguu mmoja ukitembea na mwingine ukichechemea. Faida niliiona baada ya swala: kwa mara ya kwanza maishani nilitoka msikitini nikakuta ndala zangu palepale nilipoziacha.

Ilikuwa Aprili, masika yameshika, na Tanga ya masika haikaushi hata leso. Jumapili shingo ikaanza kulegea. Mfupa wa nne na wa tano iliachana, kichwa kikarudi nyuma mpaka mgongoni, na pale shingo ilipokunjika pakatokea nundu. Somo akaangua kilio. Nikakumbuka kwamba hata jina la kitaalamu la twiga, camelopardalis, linachanganya ngamia na chui, nikamweleza kwa upole kwamba huyu ni ngamia, tena tuko Ngamiani, mtaa wenye jina la ngamia ambamo sijamwona ngamia hata siku moja. Tulikuwa tunaziba pengo la miaka mingi.

"Ngamia ana masikio ya ndala?" akauliza kaka mtu. Nikamtuma dukani.

Jumatatu wakaja sisimizi kufuata ngano. Hao sitawazungumzia.

Jumanne alfajiri niliamshwa kwa kuvutwa sikio. "Baba, twiga analia machozi meupe." Nikawasha taa. Kunde zilikuwa zimelala siku tatu ndani ya karatasi mbichi, zimekula uji, zimeridhika, na sasa kila jicho lilikuwa limetoa mzizi. Kufika Jumatano vichwa vya kijani vilikuwa vimeinuka juu ya uso. Hakukuwa na muda wa kutafuta mnyama mwingine. Nilimfunga mnyama wetu nyuma ya baiskeli kwa lastiki niliyoiazima kwa fundi, maana muda si muda tungekuwa na deni la kila kitu kwa fundi, na somo akamshika kiuno njia nzima.

Jioni akarudi naye, pamoja na daftari. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mbuyu mzuri sana. Lakini kazi ilikuwa mnyama."

Akawekwa barazani. Somo akawa anamwagilia kila asubuhi kwa kata, ile ya chooni, hatukuwahi kumzuia. Kunde zikasahau kwamba ni macho, zikatambaa mpaka kwenye nondo za dirisha. Fundi alipita mara mbili kuvitazama vibomba vyake vilivyofungwa mizizi, akaondoka bila kusema neno.

Juzi mama alikuwa akipika kisamvu akakiona hakitoshi. Akatoka barazani, akarudi na ukufi wa majani ya kunde, akayatia sufuriani. Wakati wa kula somo aligeuza tonge akalichunguza.

"Somo, haya ni macho ya twiga?"

"Kula, somo," mama akajibu. "Yanasaidia kuona."