Bibi Harusi wa Solihull

Msimu wa korosho uwadiapo, na minada ikishawatia fedha mkononi wenyeji wa Newala na Masasi, huzuka baadhi ya mabwana ambao, badala ya kuezeka nyumba zao, huziendea Land Rover 109 walizorithi kwa wazazi, gari ambalo Waingereza wenyewe waliacha kuliunda kiwandani kwao Solihull tangu mwaka 1985, wakazipamba kama maharusi: rangi mpya, viti vya ngozi, taa juu ya paa, na redio ya kutikisa vioo. Bodi ni ya alumini, alhamdulillahi, hailiwi na kutu. Fremu iliyo chini yake ni chuma, wala haina adabu hiyo.

Basi juzi mojawapo la magari hayo likiteremka uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Masasi, abiria, waliokwisha kuvisifu viti, walimwona dereva akikanyaga breki mara tatu kabla ya kila kona, na utingo amepakata jiwe, tayari kuruka. Nilipomuuliza mwenye mali kwa nini asianze na breki, alinitazama kwa huruma, akanena: “Breki, bwana, ataiona nani?”