Ukikabidhiwa Funguo za Watoto Tabora: Mwongozo kwa Mfawidhi Mgeni

Hongera kwa uteuzi. Barua umeipata, mhuri unasomeka, na jina lako limeandikwa vizuri ukiacha herufi moja. Kuanzia Jumatatu wewe ni afisa mfawidhi wa mahabusu ya watoto, Tabora. Ukishuka stesheni usimwambie bodaboda akupeleke kwenye jengo hilo, maana atakuzungusha mpaka mafuta yamkaukie, halafu akushushe Gereza la Uyui kwa nia njema kabisa.

Kwa miaka mingi mahabusu za watoto za serikali zimehesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Upanga jijini Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Shule ya maadilisho, ambako mahakama humpeleka mtoto aliyekwisha kutiwa hatiani, ni Irambo, nayo iko Mbeya. Shika njia ya zamani ya misafara kuanzia Mpwapwa, kata Ugogo, ingia Unyanyembe, endelea mpaka Ujiji ukanawe miguu ziwani: hutakutana na mlango wa hata mojawapo. Hilo lisikutishe. Kituo kisichokuwepo hakivuji paa, hakidaiwi bili ya maji, na hakuna mtoto aliyewahi kuruka ukuta wake. Kukiongoza ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni watoto, kwa sababu wao wapo.

Wako wapi? Usiulize hivyo mbele za watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto aliye kizuizini asichanganywe na watu wazima, na kifungu cha 119 kinasema mtoto asihukumiwe kifungo gerezani, bila kujali sheria nyingine yoyote imesema nini. Miaka miwili baadaye, mwaka 2011, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa taarifa ya ukaguzi wake wa magereza, vituo vya polisi na mahabusu nchini. Ilikuta watoto wengi zaidi katika magereza ya watu wazima kuliko katika mahabusu zilizojengwa kwa ajili yao. Mwenye akili za kitoto angesema sheria imevunjwa. Wewe ni mfawidhi, kwa hiyo unajua njia ya kiungwana: kama mtoto haruhusiwi kuwa gerezani, basi aliye gerezani si mtoto.

Hapo ndipo tunapofika kwenye somo lako kuu, nalo ni umri. Ukilimudu hili, mengine yote utayafanya umesinzia.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hana jinai. Wa kati ya 10 na 12 hana pia, mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda. Chini ya 18 ni mtoto. Ngazi zimepangwa vizuri, tatizo ni kwamba kila ngazi inataka cheti cha kuzaliwa, na kijana aliyeletwa kwako alizaliwa kwenye kambi ya tumbaku ndani kabisa ya Urambo au Kaliua, mikononi mwa mkunga wa jadi aliyekuwa na wembe na uzi, kalamu hana. Mama yake anaijua tarehe. Atakwambia ni mwaka ule wa uchaguzi wa pili wa Kikwete, wakati wa kuhamishia miche shambani, mvua imeshika siku tatu. Hiyo ni kumbukumbu bora kuliko madaftari mengi ya serikali. Mtu mwenye subira angekaa naye, akauliza mdogo wake alifuata lini na wa jirani alizaliwa lini, akafika kwenye mwaka na mwezi. Lakini fomu ina kisanduku cha tarakimu mbili tu, na difenda iko nje inanguruma.

Zamani mwalimu wa darasa la kwanza alimpima mtoto kwa kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Asiyefikia alirudishwa nyumbani akakue. Kipimo cha siku hizi ni cha kisasa zaidi: askari anatazama ndevu. Zikikosekana anatazama viganja. Kijana aliyebeba mitumba ya tumbaku tangu ana miaka 11 ana viganja vya mtu wa 30, kwa hiyo ukimgawanya kwa haki unapata kama 20. Ushauri wangu ukilazimika kukisia: andika 19. Kumi na nane iko mpakani na huamsha mahakimu. Kumi na tisa hulala usingizi mzuri ndani ya jalada. Kijana akilalamika kwamba ana 15, mwambie atakushukuru akienda kupiga kura.

Kuna wasumbufu, hasa maofisa ustawi wa jamii, watakaokuletea kadi ya kliniki iliyotafunwa na mchwa, rejesta ya ubatizo ya parokia, au daftari la mahudhurio la shule ya msingi. Usiwape kiti. Mtu wa namna hiyo akikaa nusu saa anaweza kukugeuzia watu wazima watatu wakawa watoto kabla ya saa sita mchana.

Tuseme kwa bahati mbaya umri umethibitika na hakimu ameamuru aende Irambo. Sasa una safari. Tabora mpaka Mbeya unapita Sikonge, Ipole, Rungwa, Makongolosi, Chunya, zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ni miombo, nyuki na ukimya. Utahitaji gari, dereva, mafuta, askari wa kusindikiza na posho ya askari wa kusindikiza. Ukishapata vyote vitano kwa siku moja, angalia tena kalenda, huenda unaota. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, hapa hapa kwetu, mwanzoni mwa Novemba, huku wanaugua na kugombana njia nzima. Katika miezi kama hiyo jalada la baiskeli moja iliyoibwa sokoni linaweza lisivuke meza mbili. Kila baada ya wiki mbili mtoto anapanda karandinga, anafika mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi. Baiskeli ilishapatikana siku ile ile. Mwenye baiskeli anaiendesha na amesahau jina la mtoto.

Na mzazi? Mzazi wa Igunga akitaka kumwona mwanawe aliyepelekwa Mbeya, auze mbuzi. Akitaka kumwona mara ya pili, auze mama wa mbuzi. Mara ya tatu atatuma salamu. Kwenye taarifa yako ya robo mwaka utaandika kuwa familia haionyeshi ushirikiano.

Kuhusu kutoroka, maana hili ndilo wakubwa watakuuliza kwanza, jifunze kwa waliotutangulia njiani. Hakuna aliyeendesha watu wengi kwenye njia ya misafara bila kukimbiwa. Vitabu vya wasafiri Wazungu vimejaa manung'uniko: mzigo umekutwa kichakani, mpagazi hayupo. Stanley mwaka 1871 alitembea na mnyororo wa watumwa kwa ajili ya kuwafunga waliotoroka, na bado waliendelea kumkimbia. Wanyamwezi wenyewe, ambao biashara ya misafara waliifanya vizazi kabla ya mgeni yeyote kuja na darubini, walikuwa na utaratibu mwingine. Mnyampara aliondoka nyumbani na ndugu na majirani zake, posho ilijulikana, ujira ulijulikana, na akirudi bila mtoto wa shangazi yako alikuwa na maswali ya kujibu. Huu ni utaratibu wa kishamba, usiuige. Wewe nunua kufuli. Kufuli haliulizi posho imeenda wapi.

Ila unyapara tumeurithi, kwa namna yetu. Kila selo ina kijana mkubwa kuliko wenzake, mwenye sauti. Mpe yeye uongozi. Atahesabu watu asubuhi wakiwa wamechuchumaa, atapanga nani alale karibu na ndoo, atagawa ugali na kujigawia nyama, na usiku hutasikia kelele kabisa. Ukimya huo uandike kama nidhamu. Asubuhi mdogo kuliko wote akiwa hataki kuongea wala kula, andika kwamba anajirekebisha.

Chakula kinastahili aya yake, ingawa bajeti haikukipa aya. Ugali na maharage ni sera ya taifa. Tabora ina asali, karanga, mlenda, uyoga wa masika na matobolwa ambayo hukaa gunia zima bila kuoza, na mama wa mtoto akija atakuja na kimfuko cha vitu hivyo, atakuamkia mwangaluka kwa heshima zote na kukupa kwa mikono miwili. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukipokea kwa ajili ya uchunguzi wa kiusalama. Karanga za Tabora huchunguzwa vizuri zaidi kwa chai.

Fimbo, je? Umesikia kwamba Sheria ya Mtoto inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto, ukashtuka. Tulia, soma mbele kidogo. Sheria hiyo hiyo inasema adhabu isizidi kiasi. Kiasi ni kipana kuliko uwanja wa mpira: kila mtu mzima aliyewahi kushika fimbo aliishika kwa kiasi, muulize yeye mwenyewe. Chunga tu usiache mezani nakala ya kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru. Wale waliandika bila kuacha mianya. Hakuna chumba cha giza, hakuna kumfungia peke yake, hakuna kupunguza chakula kama adhabu, hakuna kumnyima kuwasiliana na nduguze, na watumishi wa kituo wasitembee na silaha. Ukiyaondoa hayo yote mfawidhi anabaki na kitu gani? Anabaki na kuongea na watoto, jambo ambalo hukufundishwa chuoni.

Utasikia pia wazee wakisema vijana wa siku hizi wameharibika. Waitikie kwa adabu. Katika nchi hii hii, karne moja na nusu iliyopita, vijana wasio na shamba wala ukoo wa kuwashika walikuwa wakirandaranda njiani, na mtemi Mirambo hakuwajengea mahabusu. Aliwapa bunduki na jina la rugaruga, nao wakawatia hofu Waarabu wa Tabora, na Stanley akakimbia pamoja na Waarabu hao Agosti 1871. Sikushauri ufuate njia hiyo. Nakumbusha tu kwamba kijana asiye na kazi hakuanza na simu za mkononi.

Na mfawidhi mgeni asichanganye majengo. Mjini utaona mahali penye uzio, kengele, sare, gwaride na wavulana mamia waliotenganishwa na mama zao. Hiyo ni Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, alikosoma Nyerere. Mvulana akivunja kioo ndani ya uzio ule, anapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu. Mvulana wa umri ule ule akivunja kioo stendi, anapelekwa kituoni. Kioo kinaweza kuwa cha fundi mmoja na mawe yakatoka kokoto moja. Mmoja anaweza kuja kuwa waziri, mwingine ana namba ya jalada.

Hatari kubwa kuliko zote nimeiacha mpaka huku chini ili wasome waliovumilia. Sheria, ukiisoma vibaya, yaani ukiisoma yote, inataka mtoto apewe dhamana arudi kwao na kumweka kizuizini liwe jambo la mwisho. Inataka ofisa ustawi wa jamii awepo mahakamani, kesi isikilizwe faragha, na hakimu apate habari za nyumbani kwa mtoto kabla hajaamua. Ukiachia mambo haya yaendeshwe na watu makini, mjomba atatokea Nzega na barua ya mtendaji wa kijiji, mwenye kuku atakubali kulipwa kuku, mwalimu mkuu atasema huyu alikuwa wa nne darasani kabla baba yake hajafa, na jioni kituo chako kinabaki na ndoo tupu na mlinzi. Bajeti ya mwaka ujao utaiombea nini?

Mwisho kuna ukaguzi. Utaarifiwa siku moja kabla. Paka chokaa mawe ya getini, badilisha mashuka, wafundishe watoto wimbo wa kukaribisha wageni na umchague mapema atakayejibu maswali, ukijua kwamba atakayejibu kwa kweli ni yule wa pembeni mwenye kikohozi. Kitabu cha wageni kiwe kipya. Mgeni rasmi akiuliza una watoto wangapi, mpe hesabu ya asubuhi hii, usimpe ya jana, kwa sababu jana jioni wawili walipata dhamana, na mmoja wao yuko getini sasa hivi na mjomba wake, amekuja kudai viatu.