Sifa za Sweta Lisilokwisha

Kahawa ya Mbinga ina watu wa kuisifu: ina bodi, ina mnada, ina waonjaji wanaoifyonza kwa kijiko huku wamefumba macho. Usipa wa Ziwa Nyasa husifiwa na kila aliyewahi kuwatowelea ugali wa muhogo. Sweta ambalo halijaisha, lenye mgongo na mkono mmoja tu, halina msemaji. Nimejitolea. Nimeishi nalo nyumba moja likizo nzima ya Juni, hapa Mbamba Bay, na sidhani kama yupo mwenye haki ya kulisemea kunizidi.

Mwenye sweta ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, analala bweni huko juu milimani upande wa Mbinga. Juni ni mwezi wa kuchuma kahawa, na mtoto wa Umatengoni akifunga shule hapewi likizo, anapewa kikapu. Huyu akateremka ziwani kwa mjomba wake, eti kujisomea. Siku ileile akabandika ukutani karatasi ya malengo: kumaliza sweta la shule, kumaliza mada zote za Biolojia, kuamka saa kumi na moja alfajiri, kujua kuogelea, kutojibizana na wakubwa. Lengo la kuamka lilikufa mapema, bila maumivu. Kuogelea kuliahirishwa kwa sababu ya upepo wa kusi. La kujibizana silisemi, mama yake anasoma gazeti. Likabaki sweta.

Fadhila zake ndogondogo nitazitaja kwa haraka. Linafundisha hesabu, maana mfumaji hahesabu kitu kingine duniani ila vitanzi. Linafundisha subira, hasa kwa wanaosubiri chakula cha mchana. Linakuza uhusiano wa kimataifa: uzi wake umetoka kwenye sweta la mtumba ambalo bibi fulani wa Ulaya alilifuma kwa mapenzi, likavuka bahari, likaangukia gulioni, likafumuliwa sebuleni kwangu kwa dakika chache. Linapunguza ajali barabarani pia. Sindano zake ni spoku za baiskeli yangu, na tangu zichomolewe baiskeli hiyo haijagonga mtu.

Lakini sifa yake kuu, ambayo zote hizo ni watumwa wake, ni kutokwisha. Sweta lililokwisha ni nguo tu, utalivaa, utalifua, utaliazima kwa mtu asiyerudisha. Lisilokwisha ni cheo. Mwite mwenye nalo akachote maji, atakujibu kwa upole wa jaji: "Mjomba, vitanzi viko mkononi, nikiacha vitadondoka." Mwambie kuku wameingia kwenye usipa walioanikwa, atakuonea huruma wewe na usipa wako, ila vitanzi viko mkononi. Waziri anaweza kutenguliwa usiku, balozi anaweza kurudishwa nyumbani. Sijaona mamlaka nchini yenye uwezo wa kumwinua binti aliye katikati ya mstari. Na mstari ukiisha? Ukiisha hulitandaza mapajani, akaligeuza, akagundua kosa la juzi karibu na kiuno. Akafumua. Kwa utaratibu huo sweta lilikua mchana na kupungua usiku, na sote tukalipangia maisha yetu.

Wenzangu wa pwani hii watanielewa, kwani hata kwenye historia tuliingizwa na kitu ambacho hakikuwa kimekwisha. Agosti 1914, hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikatokea Gwendolen ya Waingereza ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa mnywaji mwenza wa nahodha Rhoades wa Gwendolen, na habari za vita hazikuwa zimemfikia. Inasimuliwa kuwa aliwaendea Waingereza kwa kimtumbwi, akiuliza kwa hasira kama rafiki yake amelewa. Meli ile ingekuwa imekamilika, ingekuwa mahali pengine ikibeba magunia, na leo nani angeitaja? Tazama pia reli ya kutoka Mtwara hadi hapa Mbamba Bay. Iko kwenye mipango tangu sijajua kusoma, na kila ikitajwa mkutanoni watu hupiga makofi. Siku treni ya kweli ikifika tutaanza kulalamikia honi.

Basi sweta likatenda jambo lililo kinyume na maumbile yake. Likaisha.

Lilikuwa zuri, na sisemi kwa ujomba. Rangi damu ya mzee, shingo imekaa, mikono miwili iliyolingana. Akapanda nalo kilomita 66 za lami, kutoka kwenye joto letu la mchangani hadi Mbinga, ambako asubuhi za Julai ukungu hulala juu ya mashimo ya ngoro na maneno hutoka mdomoni na moshi. Getini akasimamishwa. Fomu ya kujiunga inasema sweta litakuwa na nembo na litanunuliwa kwa mzabuni wa shule. Isitoshe, rangi yenyewe haikulandana na sampuli. Mzee wa mzabuni, inaonekana, ana damu nyepesi.

Wakamvua. Mtoto ana sufu nzito aliyoifuma kwa mikono yake, anaambiwa aivue asimame na shati kwenye baridi ile mpaka mjomba atume hela! Hela gani, Julai? Kahawa ya baba yake iko kwenye ghala la chama cha ushirika, AMCOS, inasubiri mnada. Huku kwangu ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi ya taa imelala mchangani. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016 na tukashukuru. Sweta la mzabuni, jepesi kama neti, bei mara mbili ya gulioni, halikufutwa. Na ofisi iliyolikataa sweta lile imeandikwa ukutani Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliitoa falsafa hiyo 1967, mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali ili watoto watoke shuleni na ujuzi wa mikono, na ujuzi wenyewe ukaja kwa miguu hadi getini ukaambiwa hauna nembo.

Nilipiga simu. Mwalimu aliyepokea alikuwa mtu wa heshima tupu, akaniita mzee wangu, akanieleza kwamba la msingi ni usawa wa wanafunzi. Nikauliza kama mzabuni naye ni sawa na wanafunzi. Mtandao ukasumbua.

Nikakopa, nikanunua. Siku ya kutembelea wanafunzi nilimkuta binti wa dada ndani ya neti ya mzabuni, anatetemeka kwa usawa na wenzake. Lile lake ameshalifumua, uzi ameukunja mabunda manne sandukuni. Akanitolea fomu. Ameipitia kipengele kwa kipengele kwa kalamu nyekundu, kwa bidii ambayo Biolojia haijawahi kuiona. Viatu: vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Sketi: kwa mzabuni. Fulana ya michezo: kwa mzabuni. Soksi: jozi mbili. Hakuna nembo, hakuna duka, hata rangi wamesahau kuandika.

"Kwa hiyo likizo ya Desemba ni soksi, Mjomba," akasema. "Ila hazifumwi kwa spoku mbili. Zinataka nne."