Faiba Haina Maelewano

Faiba ya bodi za magari ni ndoa ya vitu viwili ambavyo, kila kimoja kikiwa peke yake, havifai hata kuzuia kuku. Cha kwanza ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizotawanywa na kubanwa pamoja zikawa mkeka mweupe unaouzwa kwa mita. Cha pili ni resini ya poliesta, uji mzito kama asali, wenye harufu inayofika nyumbani kabla ya fundi mwenyewe. Resini ikitiwa kidogo hadina, dawa ya kuigandisha, na kuloweshwa kwenye mkeka, hugeuka kuwa gamba gumu. Nyuzi hupokea mvuto, resini huzishika zisihame mahali pake. Ndoa hiyo haina talaka: resini iliyokwisha kuganda hairudi kuwa uji hata ipashwe moto namna gani. Itaungua tu.

Faiba ilipata jina kwenye magari mwaka 1953, kampuni ya Chevrolet ilipoanza kuunda Corvette mjini Flint, Michigan. Mwaka huo yalitoka magari 300, yote meupe, yote bodi ya faiba. Kwa idadi ndogo kama hiyo, kalibu ya faiba ni nafuu kuliko mitambo ya kukandamiza bati. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoiweka faiba hai Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa ambao wengi bado huuita Grogan. Anayetaka kipande kimoja tu hahitaji kiwanda. Anahitaji kivuli, makopo mawili, na moyo. Mabasi mengi yanayoundiwa bodi Afrika Mashariki huvaa uso wa faiba kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi ya kuunga bampa lililopasuka huanza kwa kuligeuza na kulisoma mgongoni. Mabampa ya magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani si faiba. Ni plastiki ya polipropileni, na kwa ndani yamepigwa chapa yenye herufi PP. Faiba hujitambulisha kwa sura: upande wa ndani una nyuzi zilizogandamana kama ukoko wa wali. Asiyesoma mgongo huanza kupaka resini moja kwa moja, na hapo ajali ya kwanza hutungwa mimba, kwa kuwa poliesta haishikani na polipropileni. Kiraka hukauka vizuri, hupigwa msasa, hupakwa rangi, mwenye gari hulipa, fundi hushukuru. Kisha gari hupanda tuta la kwanza, na kiraka hubaki barabarani kizima, bila ufa, kikiwa na umbo kamili la tundu ambalo kilitumwa kuliziba. Plastiki ya namna hiyo dawa yake ni kuyeyushwa na kuunganishwa kwa chuma cha moto, au kushonwa kwa waya kama kikapu. Mshono wa waya hauna uzuri, lakini haujawahi kumdanganya mtu.

Bampa likithibitika kuwa faiba, ufa hutafutwa mpaka mwisho wake na kutobolewa kitundu kidogo hapo, ili usiendelee na safari. Kisha kingo zake husagwa kwa msasa mkavu wa namba 36 au 80, zikilala taratibu kama ufuko unavyoingia baharini, sentimita tano au zaidi kila upande. Ufa ukijazwa bila kusagwa, resini hukaa juu ya rangi ya zamani, na rangi ya zamani ndiyo itakayobanduka.

Usagaji huo hutoa vumbi, na vumbi hilo ni kioo. Barakoa, miwani na mikono mirefu huwa havina mjadala, lakini saa sita mchana, gereji ikiwa na paa la bati, fundi huvua shati na kubaki na fulana. Mwasho hauanzi hapo. Husubiri apande daladala, akabwe katikati ya abiria sita, mkono mmoja ukiwa juu kwenye bomba na mwingine umebeba mkate, ndipo unapoanzia mgongoni, mahali pasipofikika. Akifika nyumbani huoga maji ya moto na kujisugua kwa dodoki, jambo linalozidi kuvisukuma vijiti vya kioo ndani ya ngozi. Wazoefu hujimwagia maji ya baridi kwanza, bila kusugua. Nguo zake zikifuliwa beseni moja na mashuka, kufikia usiku wa manane nyumba nzima inajikuna, na mgeni aliyekuja kulala siku mbili hukumbuka kwamba ana msiba Morogoro.

Hatua inayofuata ndiyo roho ya kazi: kuchanganya. Kilo moja ya resini hudai gramu 10 hadi 20 za hadina, yaani asilimia moja hadi mbili. Ikiwa chini ya hapo, mchanganyiko unaweza kubaki ulimbo mpaka mvua za masika. Ikizidi, hukauka kabla ya brashi kufika. Siku yenye joto la nyuzi 32 huhitaji hadina ya kiwango cha chini, na asubuhi ya ubaridi huhitaji zaidi. Vitabu hutaja mizani. Gereji nyingi hutaja kizibo. Fundi mkuu humwagiza kijana wake atie vizibo viwili, akikusudia vya soda. Kijana, ambaye mbele yake pana chupa ya maji, hutii kwa uaminifu. Dakika nne baadaye kopo linatoa moshi.

Moshi huo hautokani na uchawi. Resini inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa imejazana ndani ya kopo refu, joto halina pa kutokea. Huongezeka, likaharakisha kuganda, na kuganda kukaongeza joto, mpaka kopo la plastiki lianze kuinama kama mtu aliyesikia habari mbaya. Ndiyo maana resini huchanganywa kidogo kidogo na kumiminwa kwenye chombo kipana. Mchanganyiko uliopimwa vizuri hutoa muda wa kazi wa dakika kama 15 au 20. Methali zinazosema haraka haraka haina baraka na ngojangoja huumiza matumbo, ambazo zimegombana miaka yote shuleni, hupatana ndani ya kopo hilo: zote mbili ni kweli, na zote mbili zina dakika hizo tu.

Kuna mambo mawili ya hapa yasiyo na ucheshi. Hadina ni peroksidi, na tone lake likiingia jichoni linaweza kupofusha. Miwani huvaliwa kabla ya kufungua chupa, na maji mengi huwekwa karibu. Pia hadina haikutanishwi kamwe moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha ambayo mara nyingi imo tayari ndani ya resini. Vikikutana peke yao huweza kulipuka.

Mkeka hukatwa vipande kabla ya kuchanganya, kamwe si baada. Mkeka wa kawaida una gramu 450 kwa kila mita ya mraba. Hunywa resini kama mara mbili ya uzito wake au zaidi kidogo, na tabaka tatu hutoa unene wa takriban milimita tatu. Resini hupakwa kwanza, mkeka ukalazwa juu yake, kisha ukagongwagongwa kwa ncha ya brashi mpaka weupe upotee na mkeka uonekane kama umelowa. Brashi haivutwi kama ya kupaka ukuta, kwani nyuzi humfuata mwenye brashi. Glavu huanza kuota manyoya, manyoya hushika mkasi, mkasi hushika mkeka, na ndani ya dakika tatu fundi, bampa na vifaa vyote ni kitu kimoja. Kwa kawaida huo ndio wakati simu hulia mfukoni.

Anayepiga ni mwenye gari. Swali lake ni lile lile, kama kazi iko tayari, na jibu la gereji ni lile lile: "Tayari bosi, inakauka tu." Jibu hili limetumika kwa muda mrefu hata kwa kazi ambazo hazijaanza, lakini kwenye faiba huwa kweli kwa mara ya kwanza, na ndipo mteja anapoacha kuliamini. Katika gereji kila kitu huwa na maelewano: bei, siku ya kuchukua gari, hata rangi, maana fedha na kijivu huweza kuitwa ndugu. Resini peke yake haina kesho wala bosi. Haiharakishwi na mwenye harusi Jumamosi, na ikishaanza kuganda haimsubiri aliyekwenda kununua vocha.

Bampa lililosagika kabisa haliungwi, hutengenezwa upya, na hapo huhitajika kalibu. Kalibu hutolewa kwenye bampa zima la gari la aina hiyo hiyo, kwa kawaida la jirani aliyeahidiwa kwamba halitaguswa. Bampa hilo hupakwa nta mara tano au sita, kila tabaka likasuguliwa mpaka ling'ae, kisha hupuliziwa dawa ya utando inayozuia kushikana. Juu yake hufuata koti laini la resini, ambalo ndilo litakalokuwa uso wa kalibu, halafu mikeka, halafu mbavu za mbao za kuizuia isijipinde. Hatua ya nta huchosha na haina kinachoonekana, kwa hiyo ndiyo inayorukwa. Kalibu ikigoma kubanduka, fundi huingiza kabari za mbao, humimina maji kwenye nyufa, hugonga kwa nyundo ya mpira, kisha hukaa chini. Jirani naye hujifunza kemia bila kulipa ada: bampa lake limekuwa sehemu ya kalibu, na kalibu imekuwa sehemu ya bampa lake.

Hata nta ikipakwa vizuri, umbo lina hila zake. Bampa hujikunja kuingia ndani kwenye pembe, hivyo kalibu ya kipande kimoja hulikumbatia na haiachii, sawa na mkono uliofumba embe ndani ya mtungi. Dawa ni kuijenga vipande viwili au vitatu vyenye kingo za kufungwa kwa boliti. Hila nyingine ni ya kulia na kushoto. Madigadi ya kushoto iliyopotea haitolewi kwenye kalibu ya madigadi ya kulia, hata igeuzwe, ilazwe au isimamishwe. Ukweli huu hugunduliwa wakati wa kufunga, na gereji zenye umri huwa na madigadi ya kulia ya ziada, mpya kabisa, imefanywa makao ya kuku.

Kipande kikitoka kwenye kalibu hufuata puti na msasa, kuanzia namba 80, kupitia 180 na 320, hadi 400 ya maji. Puti ni ya kujaza mikwaruzo, lakini husingiziwa kazi ya uhunzi. Bampa lililojengwa kwa puti zaidi kuliko mkeka hubebwa na watu wawili, na hupasuka kama kigae kwa kokoto ya kwanza. Vitundu vya hewa vilivyoachwa na haraka ya brashi havionekani kwenye faiba ghafi, wala kwenye rangi ya msingi. Hungoja rangi ya mwisho ing'ae, kisha hujitokeza vyote pamoja, na bampa hufanana na andazi.

Mwisho ni kufunga. Bampa lililotolewa kwenye kalibu siku hiyo hiyo, kabla halijakomaa, hujipinda usiku kwa sababu poliesta husinyaa kidogo inapoendelea kukauka. Asubuhi tundu la boliti la kushoto linaangalia taa, na la kulia linaangalia Kibaha. Magari ya karibuni yenye vihisio nyuma ya bampa hulalamika kwa kengele, kwani unene wa puti huweza kuviziba, na bampa la mkono halina vipimo vya kiwanda vya kupokea mgongano. Mwenye gari hulizunguka mara mbili, akapitisha kidole kati ya bampa na taa, kidole kikapita. Fundi hupunguza bei. Mwenye gari huomba ipungue tena, na inapungua tena. Wanapeana mikono, na pengo limebaki upana wa kidole.