Konda Aliyekuwa Anakuja

Miaka kumi na miwili nimefundisha Kiingereza Busia, upande wa Kenya, na kila mwaka naandika ubaoni yaleyale: kitenzi chenye "-ing" huonyesha tendo linalotendeka sasa hivi. Nilikuwa sijaenda Tororo, Uganda.

Siku hiyo nilivuka kwenda mazishini. Tangu 2018 mpaka wetu una kituo cha pamoja, mihuri ya nchi zote mbili inagongwa ndani ya jengo moja, nikadhani na Kiingereza kimeunganishwa. Ng'ambo matatu huitwa teksi. Nikaketi dirishani, nikatoa noti ya elfu ishirini ya Uganda; nauli elfu tano. Kijana niliyemdhani konda akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akasema kwa adabu, "Ssebo, I'm coming." Kisha akaenda zake.

Nikakitazama kisogo chake kikipungua kati ya vibanda vya chapati. Kitenzi chaja, mwenye kitenzi aenda!

Gari likajaa. Konda akapanda, na si yule. Noti haijui, mimi hanijui. Mama mmoja aliyepakata kapu la dagaa akanihurumia: "Mwanangu, si amesema anakuja? Kwani wewe Kiingereza hukusoma?"

Mpaka mwamba wa Tororo unachomoza mbele yetu, nilikuwa nimeshaanza kumtetea mwizi wangu kisarufi. Mganda akitaka kusema "nitakwenda" husema "nja kugenda", yaani naja kwenda. Mjaluo naye: "abiro dhi", mlemle. Huku kwetu kuja ndiko kunakobeba kesho. Na Mwingereza mwenyewe husema "I'm going to come", aenda ili aje, na hakuna aliyemwita tapeli. Tena watu wa mpaka huu walilichukua neno "border", wakalipakia kwenye baiskeli, likazaa bodaboda. Hao wataogopa "-ing" yangu ya ubaoni?

Saa kumi na moja jioni, nikiwa mazishini, mama watoto akapiga simu: uko wapi? Mbele yangu palikuwa na ugali wa wimbi, haujafika nusu.

"Nakuja," nikamjibu, nikaomba mchuzi.

Chenji yangu ni elfu kumi na tano. Ukipita stendi ya Busia upande wa Uganda ukamwona kijana wa shati la mistari, mkumbushe. Akikwambia anakuja, mshike mkono.