Namna ya Kumchora Adui

Mwongozo huu ni wa kijana yeyote wa Kurasini, Temeke, jijini Dar es Salaam, mwenye penseli, daftari na hamu ya kuchora hadithi ya vita. Ni wa mzazi wake pia, kwa kuwa mzazi ndiye anayenunua daftari. Anza na macho. Kofia ya chuma itasubiri, bunduki itasubiri, na buti utazichora hata umeme ukikatika. Macho ya adui ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo kazi ambayo wachoraji wengi wa katuni za vita za watoto wameikimbia.

Walivyoikimbia ni hivi. Mwaka 1958 Waingereza walianza kuchapa War Picture Library, na mwaka 1961 kampuni ya DC Thomson ya mji wa Dundee ikaanzisha Commando, ambayo ipo hadi leo. Ni vijitabu vya kuenea mfukoni, hadithi nzima ndani ya kurasa sitini na kitu. Vimezunguka dunia, na nimevikuta kwenye meza za vitabu vya mitumba mjini, jalada limechanika na hadithi inasomeka vizuri tu. Adui humo hana taabu kumchora. Kofia inashuka hadi puani, taya limekazwa, mdomo u wazi. Mjerumani anajua maneno machache: Achtung, Schnell, na akipigwa risasi, Aaargh. Mjapani amepewa meno marefu na miwani ya duara. Adui akimimina risasi, unaoumia ni ukuta. Steringi akipiga moja, wanalala watatu. Hakuna anayelia. Ukifungua ukurasa wa pili wameshaletwa wengine, sura ileile, maana mchoraji hakuwapa nyingine. Watoto wetu wanaijua sheria hiyo bila kuisoma popote: steringi hafi.

Marekani walifanya hivyohivyo, ila mwanzoni walikuwa na shabaha. Jalada la toleo la kwanza la Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941, linamwonyesha shujaa akimpiga Hitler ngumi ya taya, wakati Marekani yenyewe haijaingia vitani. Walioibuni hadithi hiyo, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa Wayahudi na walijua wanamchapa nani na kwa nini. Ngumi ile ilikuwa na anwani. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor mwezi Desemba mwaka huo, anwani ikapotea. Katika katuni nyingi Wajapani wote wakaota meno ya chui na kucha. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ikaanza kuwafungia kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia waliozaliwa hapohapo, na watoto wa shule walikuwamo. Sisemi katuni ndizo zilizojenga kambi hizo. Nasema mtoto aliyezisoma hakuwa na sababu ya kushangaa jirani yake alipochukuliwa.

Kwa hiyo usianze na meno.

Ukihitaji mwalimu, huna haja ya kwenda mbali. Hapahapa Kurasini, katika miaka ya 1960, palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Ilianzishwa mwaka 1963 na kuongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani mweupe, mke wa Eduardo Mondlane aliyekuwa rais wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel, alifanya kazi pale. Vijana wale walikuwa na kila sababu ya kumchora Mreno mwenye pembe. Juni 16, 1960, askari wa kikoloni waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na vita yenyewe ikaanza Septemba 1964. Lakini msimamo wa FRELIMO ulikuwa kwamba adui ni ukoloni wa Kireno. Wareno kama watu si adui, na rangi ya ngozi si adui.

Msimamo huo haukukaa kwa amani. Mwaka 1968 Taasisi ilitikiswa na ugomvi mkali, suala la walimu weupe likiwa miongoni mwa yaliyogombewa, ikafungwa, na walimu kadhaa wakaondolewa nchini. Februari 3, 1969, Mondlane akauawa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Ni kipindi ambacho mtu yeyote angesamehewa kwa kuchora pembe. Waliobaki kwenye uongozi waliendelea na mstari uleule.

Sasa tazama hadithi ilivyoisha. Aprili 25, 1974, serikali ya Lisbon iliangushwa na maofisa wa jeshi la Ureno lenyewe, wengi wao wakiwa wamepigana Afrika na kuchoshwa na vita isiyo na mwisho. Septemba 7 mwaka huo mkataba ukatiwa saini Lusaka, na Juni 25, 1975, Msumbiji ikawa huru. Miaka mitatu baadaye Tanzania na Msumbiji zikaanzisha kwa pamoja Chuo cha Diplomasia, na kipo hapahapa Kurasini. Mchoraji aliyewachora askari wa Kireno kama fisi tangu ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho angeuchoraje? Fisi hawaipindui serikali inayowatuma vitani. Ukimpa adui akili na moyo mwanzoni, hadithi yako itakuwa na pa kuishia.

Kazi ngumu zaidi ni vita yetu wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakauteka ukanda wa kaskazini mwa Mto Kagera, yakaua raia na kupora mifugo, kisha daraja la Kyaka juu ya mto huo likalipuliwa. Yachore hayo. Usiyapunguze hata kidogo kwa kuogopa kuonekana mkali. Anayekwambia kwamba kumpa adui ubinadamu ni kuficha alichofanya hajawahi kuijaribu kazi hii. Chora tendo lenyewe, aonekane aliyelitenda, aonekane na aliyemtuma. Pua yake pana au nyembamba haikumuua mtu yeyote Kagera.

Ukifika kwenye puto la maneno utakwama, na ni vizuri ukwame. Mchoraji wa Dundee alimpa adui maneno ya kigeni, msomaji akasikia kelele tu. Mchoraji wa Temeke hana njia hiyo. Askari wa Amin waliamrishwa kwa Kiswahili, lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za KAR (King's African Rifles la Waingereza), na ndiyo sababu mojawapo Waganda wengi waliiogopa lugha yetu kwa miaka mingi. Amin mwenyewe alifunzwa uaskari KAR, jeshi lilelile la kikoloni walimopitia baadhi ya makamanda wetu. Adui huyu akifungua mdomo, mtoto wa mtaa wetu wa Mivinjeni anamwelewa neno kwa neno. Basi mwandikie maneno yenye maana. Anaogopa nini? Ameambiwa nini kuhusu sisi? Mshahara wake umelipwa? Akiachwa peke yake usiku karibu na mto, anamtaja nani?

Na usimpange mtu kwa nchi yake, maana Kagera haikubali. Waganda wengi walipigana upande wa jeshi letu, JWTZ, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Tena upo ukurasa ambao utatamani kuuruka. JWTZ ilipouteka mji wa Masaka Februari 1979, sehemu kubwa ya mji ilibomolewa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Uchore. Mtoto wa Masaka aliyeona ukuta wa jirani ukishuka, adui katika daftari lake amevaa sare yetu. Ukimwacha nje ya kitabu, umewafundisha watoto wa Kurasini kwamba bomu la kwetu haliangukii nyumba ya mtu.

Vita ya 1914 hadi 1918 nitaigusa tu. Hapa kwetu askari wa Mjerumani walikuwa Waafrika, wa KAR walikuwa Waafrika, na baadhi ya waliotekwa kwa Mjerumani waliandikishwa KAR vita ikiwa bado inaendelea. Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 haikwambii adui wake alikuwa na sura gani, kwa sababu wengi walikuwa na sura hiyohiyo.

Turudi kwenye penseli. Mpe adui jina, hata kama ni steringi peke yake atakayelisikia. Mpe kitu mfukoni: barua, kipande cha sabuni, picha ya mtoto. Risasi zake zipate shabaha mara mojamoja, maana adui asiyelenga anamfundisha mtoto kwamba vita haiumizi. Aliyejeruhiwa aonekane fremu inayofuata na ile ya baada yake, akiuguzwa, akinuka dawa, akimsubiri mtu. Akitekwa, onyesha anavyotendewa, kwa kuwa hapo ndipo msomaji atakapompima shujaa wako. Usimfanye malaika. Adui mwema kupita kiasi ni uongo uleule, umegeuzwa upande tu.

Wapo waliofanya hivi na vitabu vyao vikapendwa na watoto. Uingereza hiyohiyo, mwaka 1979, Pat Mills na mchoraji Joe Colquhoun walianza kutoa Charley's War katika gazeti la watoto la Battle. Charley ni kijana wa miaka 16 aliyedanganya umri ili aandikishwe, na Wajerumani anaokutana nao wanachoka na kufa kama yeye. Japani yupo Mizuki Shigeru. Alipelekwa vitani Rabaul, akapoteza mkono wa kushoto, na mwaka 1973 akachora kitabu juu ya maofisa waliowasukuma askari wao kwenda kufa bure. Huyu ndiye askari ambaye vijitabu vya mfukoni vilimchora na meno marefu. Kumbe alikuwa mchoraji.

Umemaliza? Peleka daftari lipimwe. Kurasini ina bahati ya bandari: malori ya Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Zambia yanaegeshwa mitaani kwetu, na kila Julai uwanja wa Saba Saba hujaa wageni. Msalimie dereva wa Uganda, "Shikamoo, mjomba," kisha mpe ukurasa wako wa Kagera aushike mwenyewe. Usimweleze kitu. Akikuuliza yule askari alifikia wapi, kazi yako ni nzuri. Akikurudishia daftari bila neno, kaa chini uchore upya. Fanya hivyo pia kwa vita ya mashariki mwa Kongo, ambayo watoto wanaitazama kwenye simu kila siku, na ambayo madereva wa pande zake zote wanapanga foleni moja kwenye geti moja hapa bandarini.

Ombi langu la mwisho ni kwa wachapishaji na wachoraji wa Dar es Salaam, jiji lililomlea Chakubanga wa katuni katika gazeti la Uhuru na kusoma jarida la katuni la Sani kwa miaka. Wachoraji tunao. Tupeni vitabu vya katuni vya Kagera na vya ukombozi wa Msumbiji, kwa Kiswahili, kwa bei ambayo mtoto wa Keko anaweza kuimudu, na viuzwe Saba Saba. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 65. Nendeni mkawaulize wazee hao walimwona nani upande wa pili wa mto, wakiwa bado wapo wa kuwajibu.